Anza na Upande Mzima

Siku mliponikatia keki ya kustaafu, mwenzetu Zaituni alisimama mbele ya watu akasema, "Mama Elia, tuandikie basi. Usituondokee na kila kitu kichwani." Watu wakapiga makofi, nami nikaitikia kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Ndiyo nimekaa barazani kwangu hapa Nguvumali, Tanga, hakuna foleni, hakuna anayegonga mlango kuuliza kama daktari ameshafika, ninaandika. Msitegemee nieleze nilipandishwa cheo lini. Vyeo vyenyewe vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na funguo za kutunza na vikao vya kusinzia. Nitaandika kazi.

Na kazi, kwa ambaye karatasi hizi zitamfikia bila kutujua, ilikuwa hii: mtu anakuja na mkono uliolegea, au mguu unaochoka upesi, au uso uliopinda. Tunambandika vibandiko vidogo juu ya ngozi, hatumtoboi popote, tunasikiliza umeme unaotoka kwenye misuli yake mwenyewe. Msuli wowote ukikaza unatoa umeme kidogo. Mashine inaukuza na kuuchora kwenye kioo, na ile mashine yetu ya zamani ilikuwa na spika, unausikia kabisa. Ukijua kuusoma huo mchoro utajua kama msuli unapata habari kutoka kwenye neva au haupati, nyuzi zake zinapitisha habari kwa kasi gani, na zinachoka vipi. Basi. Ndugu zangu wa Lushoto miaka yote walidhani ninapiga picha za mifupa, na nilishachoka kuwasahihisha.

Nilianza nikiwa binti, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, sketi imepigwa pasi mpaka inang'aa. Chumba chetu kilikuwa mwisho wa korido ya mazoezi ya viungo, na ndani alikuwepo Mzee Mhina, Mbondei wa Muheza, fundi mkuu na fundi pekee. Nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umejipaka mafuta?"

Jamani! Hata jina hajaniuliza. Nikamjibu ndiyo, nimejipaka, ya nazi, na nikasimama vizuri nikidhani nitasifiwa.

"Kayafute," akasema. "Mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Sabuni ile pale."

Nilirudi mkono umepauka kama nilikuwa nakanda unga. Akausugua tena kwa pamba yenye spiriti, akabandika vibandiko viwili kwenye nyama ya chini ya kiwiko na kimoja juu ya mfupa, hicho cha kuituliza mashine. Nikataka kuvibandua, maana huko nilikokulia, kwenye kambi ya shamba la mkonge, waya wa umeme ukimgusa mtu tulijua moja kwa moja kitakachofuata.

"Utanipiga shoti, Mzee?"

"Sisi hatupigi, binti. Tunasikiliza. Kunja ngumi."

Nikakunja. Kwenye spika ikanyesha mvua. Mvua kabisa, ya juu ya bati, nikikaza zaidi inazidi, nikiachia inakatika. Nikauliza ni nini hicho. "Ni wewe," akasema, akaenda kutafuta chai yake. Nikabaki nakunja na kukunjua ngumi kama mwehu, nacheka peke yangu. Nawaambieni kweli, furaha ile haikunitoka mpaka siku nilipokabidhi funguo.

Mzee Mhina hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi moja alikuja na kifungu cha nyuzi za mkonge, akazilaza mezani. Mimi mtoto wa mkata mkonge nikawaza, haya, leo nitafundishwa vitu vya kwetu. Akasema msuli ndivyo ulivyo, nyuzi zimelala pamoja zimeelekea upande mmoja. Habari ya neva inaingia kwenye uzi mahali fulani karibu na katikati, halafu inakimbia kwenda kwenye ncha zote mbili. Ukipanga vibandiko mstari mmoja kufuata uzi, hiki kitaisikia kwanza, halafu hiki, halafu kile. Umbali kati yao unaujua, muda unapewa na mashine, basi kasi umeipata. Ukivipanga kukatisha nyuzi unapata takataka. Ukivipanga juu ya pale habari inapoingilia unapata takataka nzuri, yaani mchoro mdogo ulio safi na unaodanganya, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kwa hiyo kabla hujabandika, papasa. Mwambie mtu akaze, usikilize kwa vidole msuli umelalaje. Nyinyi vijana mnatazama picha ya kitabuni na kubandika. Yule mtu wa kitabuni hajawahi kubeba gunia.

Alinifundisha pia kwamba msuli uliochoka kasi yake hushuka na mvua yake hubadilika sauti, inakuwa nzito. Msuli wenye baridi nao huenda polepole, na hilo tulilijua vizuri walipotuletea kiyoyozi. Mtu anaingia kutoka juani, anakaa kwenye baridi akisubiri, ukija kumpima nyuzi zake zinajikokota kama za mgonjwa. Mzee Mhina akakizima, akafungua dirisha, na utawala walipouliza akasema kimeharibika. Kiyoyozi kile kilikaa kimeharibika mpaka mwenyewe anastaafu.

Wanaume wa bandarini walikuwa kazi nyingine. Mwambie akaze mkono, atakaza mkono, shingo, taya na pumzi, macho yanamtoka, mpaka umwambie baba, pumua, utatufia hapa. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Pemba aliyetazama nyaya zote nilizombandika, akauliza kwa sauti ya chini kama mashine inasoma na yaliyomo moyoni. Nikamwambia haisomi. "Alhamdulillahi," akasema, na hapo ndipo mkono wake ukatulia.

Lakini adui yetu mkubwa alikuwa nazi. Mkoa huu mtu haendi hospitali amepauka. Mtu anaamka, anaoga, anajisugua, anajipaka mafuta mpaka anameremeta, kwa sababu anakwenda kwa watu wazima na anawaheshimu. Mafuta yakikaa kati ya ngozi na kibandiko, umeme wa msuli hausikiki vizuri, badala yake unadaka mngurumo wa umeme wa ukutani. Nilianza kuwaambia wagonjwa, siku ya kipimo njoo bila mafuta. Bibi mmoja akanitazama juu mpaka chini. "Mwanangu, nije nimepauka, watu waseme sina wenyewe?" Tukakubaliana aje na mafuta yake, kufuta ni kazi yangu. Ndiyo maana chumba chetu kiliagiza spiriti nyingi mpaka watu wa stoo wakaanza kutunusa.

Neno la Mzee Mhina ninalotaka mlishike kuliko yote ni hili: anza na upande mzima. Mkono wa kushoto ukiumwa, pima kwanza wa kulia. Mtu atajifunza unachotaka bila woga, nawe utajua uzima wake yeye unasikikaje. "Na upande mzima ukikataa," alisema, "usiendelee. Angalia mashine. Halafu jiangalie wewe. Halafu mwangalie mtu." Alipostaafu akarudi Muheza kwenye michungwa yake, mimi nikabaki na funguo na neno hilo. Nilidhani nimelielewa mpaka alipokuja Salma.

Salma alikuwa msichana wa Kigombe, biharusi mtarajiwa. Asubuhi moja alikuwa anasukutua, maji yakamtoka upande wa kushoto wa mdomo bila ruhusa yake. Alipojitazama kwenye kioo, upande ule wa uso umeanguka, jicho halifumbi, nyusi hainyanyuki. Ni neva ya uso iliyovimba, wagonjwa wa aina hiyo tunawapata sana. Alipewa dawa, wiki zikapita, uso haukurudi, na harusi inakaribia. Mchumba wake alikuwa kijana wa Pemba, watu wa karafuu, na habari ikavuka maji ikiwa imeshabadilika: biharusi amepigwa kofi na jini. Mashangazi wa bwana harusi wakatuma salamu kwamba wanataka maelezo kabla hawajafunga safari.

Daktari wetu wa neva akasema jambo ni rahisi kulisema. Kama misuli ya upande ule inapata habari, hata kidogo tu, uso utarudi, wasubiri nyumbani na harusi iendelee. Kama ni kimya kabisa, Salma aende Dar es Salaam kwa vipimo zaidi, na harusi ingoje. Akamwelekeza kwangu nisikilize, naye akaja kushuhudia.

Salma aliingia na Bi Mwanaisha, somo yake, yule kungwi wa kumfunda biharusi. Mama mtu alibaki nyumbani, presha imempanda. Bi Mwanaisha alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, kanga zake zimenyooka kama zimetoka dukani. Nilipochovya pamba kwenye maji ya sabuni nimsafishe Salma uso, uliopakwa liwa, ule unga wa msandali wa kung'arisha ngozi ya biharusi, alishika mkono wangu.

"We! Liwa hiyo nimeisaga mwenyewe."

"Bi Mwanaisha, vibandiko havishiki juu ya liwa."

"Ebo! Nimemsinga siku ngapi, unaiondoa kwa pamba moja?"

Nikaiondoa, yeye akiguna. Nilipokuwa nimeinama karibu na uso wa Salma, msichana akaninong'oneza kwa nusu ya mdomo, "Dada, wakiahirisha hawarudi." Roho iliniuma.

Nikaanza na upande mzima. Vibandiko viwili kwenye shavu la kulia, kimoja juu ya mfupa. "Haya Salma, cheka." Spika kimya. "Tabasamu tu basi." Kimya. Mchoro umelala kama barabara ya Pongwe. Daktari akasema labda tatizo ni yeye, mwanamume chumbani, akatoka kungoja koridoni. Nikarudia. Kimya.

Nikaangalia mashine: nyaya zote zimeshika. Nikajibandika mwenyewe shavuni, nikaucheka ukuta, ikanyesha mvua ya kutosha mpaka Bi Mwanaisha akashtuka. Mashine nzima. Nikajiangalia mimi: nikabandua, nikapapasa shavu la Salma upya, nikafuta upya, nikabandika upya. "Cheka, mdogo wangu." Kimya. Upande wa kushoto ulikuwa mgonjwa, sawa, lakini huu wa kulia ulikuwa na kosa gani?

Halafu nikamwangalia mtu. Salma amekaa wima, macho chini, kidevu chini, midomo imefungwa, mikono pajani. Na nyuma yake Bi Mwanaisha, ametulia, uso umejaa raha.

"Unaona?" akaniambia. "Muda wote huu hajatikisika. Nimemfunda mimi huyu."

Loo! Nikakaa kwenye kiti. Hata kwetu Lushoto biharusi hachekicheki ovyo, sikuwa na udhuru wa kutojua. Msichana alikuwa amefundwa kwa majuma kwamba uso wake usitembee, asionyeshe jino, hata achokozwe vipi, na aliyemfunda amekaa nyuma ya kisogo chake. Mimi nimekaa hapa namwamuru acheke.

"Bi Mwanaisha," nikasema, "mruhusu acheke."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

"Haiwezekani. Acheke leo, kisha siku yake akikaa mbele ya mashangazi wa Kipemba itakuwaje? Mdomo ukishajua njia haurudi nyuma."

Nikapandwa na hasira, sifichi. "Bi Mwanaisha, nikimpa daktari nilichokiona, nitamwambia uso wote umekufa, kulia na kushoto. Hapo harusi haingoji, hapo imekwisha. Huyu binti ukimya wake unamponza."

Salma akasema taratibu, bila kuinua macho, "Somo, niruhusu."

Bi Mwanaisha akamgusa bega. "Haya. Cheka, mwanangu."

Salma akajaribu. Lakini kicheko cha kuamriwa si kicheko, spika ikatoa chakarachakara ya aibu na kunyamaza. Na nadhani aliogopa. Angecheka kwa kulia, ingefuata zamu ya kushoto, na huko huenda asikute kitu. Ningekuwa mimi ningeogopa vilevile. Bi Mwanaisha alimtazama, akaniangalia mimi, akainuka kwenda kuhakikisha mlango umefungwa. Aliporudi alikaa mbele ya Salma, si nyuma tena.

"Sikiliza," akasema. "Mie siku yangu nimekaa hivi hivi, nimefunikwa, kikuba cha maua ya asumini kisogoni, nimetulia kuliko wewe. Wamesema bwana atakuja kunifunua. Mara nasikia mtu nyuma yangu anapumua. Anahema kwelikweli, shingoni hapa. Nikasema moyoni, huyu bwana mbona ana haraka? Kisha akaanza kunivuta kichwa. Nikageuka kidogo nimtazame mume. Namwona mbuzi. Mbuzi na ndevu zake, anatafuna asumini yangu, ananitazama."

Salma alibana midomo.

"Nikacheka mpaka pengo likaonekana. Ukumbi mzima! Marehemu mume wangu kaniita Mama Mbuzi mpaka anaingia kaburini."

Mvua ikashuka. Shavu la kulia likaruka, spika ikanguruma, mchoro ukajaa kioo. Salma alicheka kwa upande mmoja wa uso na kutoa machozi kwa pande zote mbili, na mimi nilicheka nikikimbiza vibandiko kushoto kabla hajapoa.

Nikabandika, nikaongeza sauti. Bi Mwanaisha akasema neno moja tu: "Mbuzi."

Upande wa kushoto haukusogea. Ukiutazama ungesema hakuna kitu. Lakini spika ikasema: tone. Kimya. Tone, matone mawili, matatu. Kimya. Tukatazamana sote watatu.

Hapa ndipo mnapotakiwa kujizuia, vijana. Kibandiko cha juu ya ngozi kina umbea, kinasikia na ya jirani. Matone yale yangeweza kuwa ya shavu la kulia yamesafiri. Kwa hiyo sikushangilia. Nilihamisha vibandiko mbali na mdomo, pembeni kabisa ya jicho la kushoto, nikamwambia Salma afumbe macho kwa nguvu zote. La kulia likafumba. La kushoto likaishia njiani. Matone yakaja. Nikamwambia aachie: kimya. Kaza: matone. Achia: kimya. Nikarudia mpaka nikachoka mimi.

"Ni yeye huyo?" Bi Mwanaisha akauliza.

"Ni yeye. Nyuzi zinapata habari. Bado chache, lakini zinapata."

Bi Mwanaisha akaweka kiganja juu ya lile shavu lililoanguka na kulishika hivyo kwa muda. Nikamwita daktari. Akasikiliza, akatazama mchoro, akamwambia Salma uso wake utarudi, ila hawezi kumwahidi kama utarudi kabla ya siku yake. Bi Mwanaisha akasema hilo linatosha, atawaandikia Wapemba kwamba ni neva na si jini, na wanaotaka kuja waje.

Sikumwona tena Salma; nikaja kuletewa mwaliko wa harusi.

Nilikwenda Kigombe nimejipaka mafuta ya nazi mpaka kwenye vidole. Upande wa wanawake ulijaa udi na kelele. Mashangazi wa Pemba wamekaa mstari wa mbele, mikono kifuani, wanamtazama biharusi bila kupepesa macho. Salma amekaa juu ya kiti chake, kichwa chini, hina mpaka viwikoni, uso umetulia pande zote mbili. Nilimkodolea macho mimi mwenye kazi hii, miaka yangu yote ya kupima, na sikuweza kujua. Uso usiotembea haukuambii kitu. Bi Mwanaisha akapita karibu yangu.

"Shikamoo, Bi Mwanaisha. Shavu vipi?"

"Marahaba. Ngoja."

Akapanda, akajifanya anaweka sawa kikuba kwenye nywele za Salma. Akainama, akamwambia kitu sikioni. Wala sikuhitaji kukisikia.

Ulianza upande mzima. Pembe ya kulia ya mdomo ikanyanyuka, na hapo nilishika mkono wa jirani yangu ambaye simjui. Kisha ya kushoto ikafuata, polepole kidogo, ikafika. Meno yakaonekana. Ukumbi ukapiga vigelegele, na shangazi mmoja wa Pemba akasimama kidole juu.

"Somo! Biharusi wako anacheka!"

Bi Mwanaisha akanyooka, akajifunga kanga upya kiunoni.

"Anacheka kwa pande zote mbili, shoga," akasema. "Tazama vizuri."